Mwezi umegoma kupigika: tafuta hitilafu kabla hujailaumu darubini

"Kaka, hii darubini imekufa." Ujumbe wa namna hii hunifikia kila mwezi ukikaribia kujaa. Anayeutuma mara nyingi amenunua darubini ya mtumba Arusha, au ameachiwa na mgeni aliyeshuka mlimani akaona hana haja ya kurudi na mzigo kwenye ndege. Nikimwambia anitumie picha ya mwezi aliyoipiga kwa simu kupitia darubini hiyo, napokea duara jeupe katikati ya giza, kama taa ya getini iliyopigwa kutoka barabarani. Darubini ni nzima. Mimi ninazo mbili hapa uani Rau, Moshi, moja ya lenzi yenye kipenyo cha milimita 70 na nyingine ya kioo cha kuakisi ya milimita 114, na karibu kila kosa ninaloulizwa nimeshalifanya mwenyewe.

Nimepanga mambo kwa dalili, maana mtu aliye nje saa 3 usiku hajui jina la ugonjwa, anajua anachokiona. Chini ya kila dalili naanza na sababu ninayoikuta zaidi, na ukaguzi usiotaka bisibisi unatangulia ule unaotaka.

Kabla ya yote, jua

Darubini isielekezwe upande wa jua, hata kwa bahati mbaya. Nasema hivi kwa sababu mwezi wa robo ya kwanza, ule wa nusu duara, huonekana tangu alasiri, na watu hupenda kuanza mapema jua likiwa bado liko juu. Jua likipita kwenye lenzi huunguza jicho bila kuuma, kwa kuwa sehemu ya nyuma ya jicho haina maumivu ya kukustua. Sensa ya simu, kile kipande kinachopokea picha, nayo huungua. Kile kifilta kidogo cheusi cha kutazamia jua, kinachofungwa kwenye lenzi ya jicho, yaani ile ya kuchungulia, na huja kwenye maboksi ya darubini za bei rahisi, kinaweza kupasuka kwa joto jicho likiwa hapohapo. Kivunje, kisha kitupe, mtoto asije akakiokota.

Aliyekwisha kuchungulia jua na sasa anaona doa katikati ya kila anachokitazama asiweke maji ya chumvi wala asali. Aende siku hiyohiyo hospitali yenye madaktari wa macho. Kwa watu wa Moshi, KCMC ipo. Mwezi wenyewe hauna madhara hayo. Mwezi mpevu hukuacha umeona kiwi dakika chache tu.

Mwezi unatoka mweupe mtupu, hauna hata alama

Hii ndiyo nusu ya malalamiko yote, na sababu yake ni moja: simu inadhani inapiga picha ya usiku. Wewe uko usiku. Mwezi uko mchana. Kile unachokiona ni mawe na vumbi vinavyopigwa na jua lilelile linalopiga stendi kuu ya Moshi saa 6 adhuhuri. Simu huona weusi umejaa sehemu kubwa ya picha, inauhurumia, inafungua mlango wa mwanga hadi mwisho, na mwezi unafurika.

Anza na kidole. Bonyeza juu ya mwezi kwenye skrini na ushikilie mpaka simu ijifunge hapo, halafu shusha kile kialama cha jua pembeni mpaka madoa ya kijivu yaanze kuonekana. Shusha zaidi ya unavyoona inafaa. Picha iliyofifia kidogo hurekebishika nyumbani, ila iliyoungua haina cha kurekebisha.

Bado nyeupe? Angalia kama umeacha hali ya usiku imewashwa. Hali hiyo hukusanya mwanga kwa sekunde kadhaa, na mwezi hauhitaji hata sehemu ya mia ya sekunde. Zima flashi pia. Nimeona watu wanaimulika lenzi kutoka sentimita mbili halafu wanashangaa ukungu umetoka wapi.

Hatua ya tatu ni kuweka mwenyewe vipimo, kama simu inaruhusu. Kwa simu iliyobanwa kwenye lenzi ya jicho ya milimita 25, weka ISO (wepesi wa sensa kupokea mwanga) 100 na spidi ya shata (muda wa kuingiza mwanga, kwa sekunde) 1/500, kisha panda 1/1000, 1/2000 hadi kreta zijitokeze. Kwa kamera kubwa iliyofungwa moja kwa moja kwenye darubini bila lenzi yake, wapigapicha wana kanuni ya zamani: kwa mwezi mpevu kwenye f/11, spidi iwe moja chini ya ISO. ISO 100, basi 1/100. Darubini yangu ya milimita 70 ina umbali wa fokasi (kutoka lenzi hadi picha inapotua) wa milimita 700; gawanya kwa kipenyo, unapata f/10, kwa hiyo 1/125 inatosha.

Wengi hujikwaa wakidhani mwezi nusu una nusu ya mwanga. Hapana. Robo ya kwanza hutupa karibu sehemu moja ya kumi tu ya mwanga wa mwezi mpevu, kwa sababu vivuli vya milima na kingo za kreta vimejaa kila mahali, na vumbi la huko hurudisha mwanga zaidi kuelekea ulikotoka. Kwa hiyo pale ulipotumia 1/125 mwezi ukiwa mpevu, robo ya kwanza itataka kama 1/30.

Picha ni safi lakini mwezi uko bapa kama chapati

Vifaa havina kosa hapa. Umechagua siku mbaya. Mwezi ukijaa, jua linaupiga usoni na vivuli vinakwisha, sawa na mtu aliyepigwa picha ya pasipoti. Piga kati ya siku ya 5 na ya 10 tangu mwezi uandame, ukilenga ule mstari ambapo mchana na giza vinakutana. Hapo kreta ya Copernicus, yenye upana wa kilomita 93, inaonekana ina kina, na milima inatupa vivuli virefu. Mwenye kalenda ya Kiislamu ukutani hana haja ya programu yoyote: tarehe 7 hadi 10 ndizo zake.

Picha haina makali

Usikimbilie nobu ya fokasi. Piga picha kumi mfululizo bila kubadilisha chochote, uzikuze, uzitazame kwa zamu. Zikiwa zimevutika upande mmoja, kila kreta ina pacha wake, huo ni mtikisiko. Zikiwa laini kwa namna ileile picha zote kumi, ni fokasi au uchafu. Zikiwa zinatofautiana, hii nzuri, inayofuata imepinda, ya tatu imeyeyuka, ni hewa. Dakika mbili za ukaguzi huu zimeniokoa usiku mwingi.

Mtikisiko unaongoza. Kidole kinachobonyeza kitufe ndicho mshitakiwa wa kwanza. Weka taima ya sekunde 5, au chomeka spika za masikioni zenye waya na utumie kitufe cha sauti kupigia. Kama bado, gonga bomba la darubini kwa kucha na uhesabu mpaka mwezi utulie. Ikizidi sekunde tatu, miguu ya stendi ni mirefu mno au nati zimelegea. Irudishe miguu ndani, piga picha umeketi kwenye kigoda, na uning'inize dumu la maji la lita 5 katikati ya miguu, likigusa ardhi kidogo ili lisibembee. Usisimike kwenye baraza la mbao wala juu ya zege ambapo watu wanapitapita. Upepo wa kushuka mlimani nao una saa zake. Kwangu hutulia usiku ukienda mbele, ila kila uwanja una tabia yake.

Fokasi ni ya pili. Simu inaweza kuwa inahangaika kujitafutia fokasi yenyewe kila nukta, kwa hiyo ifunge kwanza kwa kubonyeza na kushikilia, ndipo uzungushe nobu ya darubini. Tazama kwenye mstari wa kivuli, usitazame ukingo wa nje unaong'aa, maana ukingo huo hudanganya. Zungusha hadi upite pale pazuri, kisha urudi. Asiyepita hajui kama amefika.

Uchafu ni wa tatu, na kwa kawaida uko kwenye simu. Simu iliyotoka mfukoni mwa mtu aliyekula vitumbua ina kila kitu kwenye lenzi yake. Ifute simu. Lenzi kubwa ya darubini usiiguse. Vumbi kidogo juu yake haliharibu picha ya mwezi hata kidogo, lakini shati lako linaikwaruza milele.

Darubini za kioo zina sababu ya nne, vioo kutokaa sawa. Uthibitishe kabla ya kugusa skrubu: tafuta nyota angavu, ipeleke katikati, ivuruge fokasi hadi iwe kama bangili. Tundu la bangili likiwa katikati, vioo viko sawa, achana navyo. Likiwa limeegemea pembeni, zungusha skrubu za kioo kikubwa nyuma ya bomba, robo ya mzunguko kwa mara moja, ukitazama tena kila mara. Ukishapoteza hesabu ya ulichozungusha, simama. Mpelekee mtu aliyewahi kuifanya, mchana, mkiwa mezani. Darubini ya lenzi haina kazi hii, na wala usiifungue ile lenzi ya mbele kwa sababu yoyote: ni vioo viwili vilivyopangwa kwa uso na mwelekeo maalumu, na nimeletewa moja iliyorudishwa kioo kimoja kimegeuzwa. Fundi wa miwani aliyeifungua alikuwa na nia njema.

Mwezi unachemka

Unautazama mwezi na unatetemeka kama sarafu chini ya maji ya mfereji. Hii ni hewa ya joto na ya baridi vikichanganyika mbele ya lenzi, na sehemu kubwa ya hewa hiyo ni ya nyumbani kwako.

Darubini iliyotoka chumbani chenye joto inapumua joto hilo ndani ya bomba lake. Itoe nje nusu saa kabla, na kama ni ya kioo ipe dakika 45. Halafu angalia unatazama juu ya nini. Bati lililopigwa na jua mchana kutwa huendelea kutoa joto hadi usiku. Jiko la mkaa la jirani ni baya zaidi. Sogeza stendi kwenye majani, mbali na ukuta. Kupiga picha kupitia dirishani, hata likiwa wazi, ni kutazama kupitia mto wa hewa inayotoka chumbani.

Mwezi ulio chini, ndiyo kwanza umechomoza, unatazamwa kupitia hewa nene. Ukiona ukingo wake una wekundu upande wa chini na ubuluu juu, ndiyo hewa hiyohiyo inayopasua rangi. Subiri upande.

Hewa ikikataa kabisa kutulia, acha picha moja moja, piga video. Dakika moja hivi inatosha. Kwenye kompyuta, programu za bure za Windows zitafanya kazi iliyobaki: PIPP inauweka mwezi katikati ya kila fremu, AutoStakkert inachagua fremu zilizotulia na kuzilaza moja juu ya nyingine, RegiStax inanoa. Chukua asilimia 10 hadi 20 ya fremu bora, usichukue zote kwa uroho. Kwenye kunoa nako, ukianza kuona kila kreta imezungushiwa uzi mweupe, umeshapita kituo.

Kamera kubwa haifiki kwenye fokasi

Huyu amenunua ringi ya kuunganishia kamera, amefunga kila kitu, anazungusha nobu hadi mwisho na mwezi bado ni wingu. Kama darubini ni ya kioo, tatizo karibu hakika ni hili: picha inatua ndani mno, mahali ambapo sensa ya kamera haifiki.

Ukaguzi wake ni karatasi. Toa lenzi ya jicho, rudisha nobu ndani kabisa, elekeza mwezini (mwezini, narudia), kisha shika karatasi nyeupe nyuma ya tundu na uisogeze mbele na nyuma. Mahali mwezi mdogo unapochoreka wazi kwenye karatasi ndipo sensa inapotakiwa kukaa. Kamera ya kioo cha kuruka (DSLR), pamoja na ringi yake, ina sensa milimita 55 nyuma ya uso wa ringi. Karatasi ikionyesha mwezi kabla ya milimita hizo, hata ukifunga kamera ya mamilioni haitafika.

Tiba nyepesi ni lenzi ya Barlow ya mara 2, ambayo hutangulia kamera na kuisukuma fokasi nje. Inakuza pia, kwa hiyo mwanga unapungua na spidi lazima ipungue. Kamera isiyo na kioo cha kuruka ni nyembamba na hufika pale nyingine zinapokwama. Tiba ya mwisho ni kukisogeza kioo kikubwa mbele ndani ya bomba kwa skrubu ndefu zaidi. Hiyo si kazi ya kujifunzia kwenye darubini yako pekee.

Darubini ya lenzi ina ugonjwa wa kinyume: fokasi iko nje mno. Rudisha kile kiwiko chenye kioo ulichokitoa, au ongeza bomba fupi la kurefushia.

Kuna aina moja ya kioo ya milimita 114 ambayo bomba lake ni kama nusu mita lakini ubavuni imeandikwa umbali wa fokasi 1000. Ina lenzi iliyofichwa ndani ya shingo ya fokasi, ni ngumu kulinganisha vioo vyake, na haitoi makali ya kweli hata siku njema. Sisemi uitupe. Piga mwezi mzima kwa simu, uridhike.

Nikikuza, mwezi unakuwa uji

Boksi limeandikwa mara 500. Boksi linauza. Kikomo cha kweli ni kama mara 2 kwa kila milimita ya kipenyo, na hiyo hewa ikiwa tulivu. Kwa darubini ya milimita 70 ni mara 140. Ukipita hapo unakuza ukungu.

Kipenyo hicho cha milimita 70 kinaweza kutenganisha vitu vilivyoachana kama kilomita 3 juu ya mwezi, na cha milimita 114 kama kilomita 2. Kreta ya Ngorongoro ina upana wa kilomita 20 hivi. Ingekuwa mwezini ungeiona bila shida, nukta yenye kivuli chake. Tycho, ile yenye miale inayosambaa upande wa kusini wa mwezi, ina kilomita kama 85. Vijana hupenda kuniuliza ilipo bendera ya Apollo 11, ya Julai 1969. Bahari ya Utulivu ilipotua naweza kuwaonyesha usiku wowote mwafaka, na waiache bendera hapohapo.

Kwenye kamera kubwa, gawanya umbali wa fokasi kwa 110 ujue mwezi utakuwa na milimita ngapi kwenye sensa. Milimita 700 hutoa mwezi wa milimita 6 na kitu kwenye sensa ya upana wa 22. Kamera haijaharibika, kata picha.

Duara jeusi, au nusu ya mwezi inakatika

Simu haijakaa katikati ya lenzi ya jicho, basi. Isogeze pande zote taratibu, kisha mbele na nyuma kwa milimita moja moja. Simu za kamera tatu hubadilisha kamera bila kukuuliza: funika moja moja kwa kidole ujue ipi inafanya kazi, uibane ile kuu isiyokuza. Tumia lenzi ya jicho ya milimita 20 au 25. Ile ya milimita 4 iliyokuja kwenye boksi waachie watoto.

Mwezi uko utosini na stendi haifiki

Wanaoandika maelekezo ya darubini wako mbali na ikweta, kwa hiyo tatizo hili hulikuti kwenye vijitabu vyao. Sisi tuko kama digrii 3 tu kusini ya ikweta. Mwezi wa robo ya kwanza, miezi mingi, uko karibu na utosi jua linapozama. Bomba linagonga miguu ya stendi, kitafutio, kile kidarubini kidogo cha kulengea, kiko mahali ambapo shingo haifiki, na kila ukisukuma kidogo mwezi unatoroka.

Dawa ni subira. Kufikia saa 3 usiku umeshuka upande wa magharibi, kama nusu ya njia kwenda upeoni, na kila kitu kinakuwa rahisi. Mwezi mpevu una mpango mwingine: unachomoza jua likizama na utosini unafika karibu saa 6 usiku, kwa hiyo upige saa 3 ukiwa mashariki.

Stendi ya ikweta, jina lake lisikudanganye, haiipendi ikweta. Mhimili wake unatakiwa kuelekea ncha ya anga, pale nyota zinapoonekana kuzunguka, na ncha hiyo huwa juu ya upeo kwa digrii sawa na latitudo ya mahali. Ulaya ya kati ni kama 50. Moshi ni 3, upande wa kusini, nyuma ya migomba ya jirani. Stendi nyingi ndogo hazishuki hivyo: skrubu inagota, uzito wa kusawazishia unagonga mguu. Kuinua miguu ya nyuma kwa matofali kunasaidia hadi pale darubini inapoanza kupinduka, na sitaki uijue siku hiyo. Kwa picha ya sehemu ya mia ya sekunde huhitaji kuufuata mwezi hata kidogo. Uweke ukingoni mwa picha, acha utembee wenyewe kupita katikati, mtikisiko uishe, piga. Unasogea kwa upana wake mzima kila dakika 2 hivi. Kama stendi ina mota na mwezi unakimbia badala ya kutulia, tafuta swichi ya kaskazini na kusini. Imetoka kiwandani ikiwa kaskazini. Iweke kusini.

Mwezi umepinduka

Darubini ya kioo huugeuza juu chini, na ya lenzi yenye kiwiko huubadilisha kulia kushoto kama kwenye kioo cha kunyolea. Rekebisha kwenye simu. Lakini hata ukirekebisha, picha yako haitakaa kama zile za Uingereza. Kwetu mwezi ukichomoza kaskazini yake iko kushoto kwako, na ukizama iko kulia, umejiviringisha njiani. Mwezi mchanga wa magharibi unalala kama mtumbwi. Uko sawa hivyo.

Ukingo wa zambarau

Lenzi za bei rahisi hushindwa kukutanisha rangi zote mahali pamoja. Filta ya njano isiyokolea hupunguza. Kifuniko cha mbele cha darubini nyingi kina kifuniko kidogo ndani yake. Fungua hicho kidogo tu, kikubwa kibaki, na zambarau itafifia, ila utahitaji mwanga zaidi. Mimi huigeuza picha kuwa nyeusi na nyeupe. Mwezi hauna rangi nyingi za kupoteza.

Picha inafifia kadiri usiku unavyokwenda

Umande. Baada ya mvua za masika hapa Rau, bomba linaweza kulowa ndani ya saa moja. Usifute. Zungushia mbele ya lenzi kipande cha mkeka wa povu wa wapanda mlima, urefu wa mara moja na nusu ya kipenyo. Lenzi ikishalowa, tumia kikausha nywele kwa joto la chini, kikiwa ndani ya nyumba na darubini imeletwa ndani. Waya wa umeme wa nyumbani usiutandaze kwenye majani mabichi usiku. Chaji simu kwa pawabenki. Plagi ikishalowa usiiguse, zima swichi kuu na umwite fundi umeme.

Kabla ya kuifungia, iache ikauke chumbani bila kifuniko. Ukiiweka mbichi, kuvu huota ndani ya lenzi, nyuzi nyembamba kama za buibui, na hula ile rangi ya kinga juu ya kioo. Ukiziona, simama hapo. Zikiwa mbele kwa nje fundi kamera mzuri anaweza kuziondoa. Zikiwa katikati ya vioo viwili, muulize kwanza kama amewahi. Vile vipakiti vya kunyonya unyevu kwenye maboksi ya viatu vipya, omba dukani, wanavitupa.

Siku ya kupatwa, picha zote nyeusi

Usiku wa 7 Septemba 2025 mwezi ulipatwa wote kuanzia saa 2:30 hadi saa 3:52, na simu yangu haikupumzika kwa ujumbe wa "kamera imeharibika". Mwezi ukizama wote kwenye kivuli cha dunia, ule mchana wake umekwisha, na vipimo vyote nilivyotaja juu vinakufa nao. Panda ISO 1600 au 3200, spidi nusu sekunde hadi sekunde moja. Bila mota utaona makali yanapungua, hakuna ujanja.

Picha imetoka nzuri kupita kiasi

Simu nyingine zikiutambua mwezi hujichorea zenyewe kilichokosekana. Ziba nusu ya lenzi ya mbele, vuruga fokasi makusudi, piga tena. Kreta zikibaki kali, hiyo si picha yako. Zima uboreshaji wa mandhari kwenye mipangilio.

Jirani amekuja na tochi

Hii nayo ni hitilafu, na inasimamisha kazi kuliko mawingu. Sababu: bomba lililolala kuelekea dirisha lake kabla mwezi haujapanda. Ukaguzi: simama nyuma ya darubini uone inaelekea wapi ikiwa imeachwa. Mwambie mjumbe wa mtaa mapema kwamba utakuwa nje usiku, na uiache ikitazama juu kila unapoingia ndani kunywa chai. Mzee wa nyumba ya pili alikuja kwangu na fimbo. "Shikamoo mzee, karibu utazame," nikamwambia. Alitazama dakika nyingi, akaniuliza yale mashimo yana upana gani, akaenda kumwamsha mkewe.